Maswali ya Wasomaji: Uyoga Unaokula Mti

Barua za safari hii zimetoka mashariki mwa Kongo: Bukavu (pamoja na mitaa yake ya Kadutu, Ibanda na Bagira), Kabare na Goma, na karibu zote zinahusu kuvu zinazovunja lignini, ile sehemu ngumu ya mti. Wengine wanataka kuvuna uyoga, wengine wanataka kuelewa, na mmoja ana maji machafu ya rangi asiyojua ayatupe wapi.

Nyuma ya kiwanja chetu kuna magogo yaliyoachwa mvuani, ya mkaratusi na ya sipre. La kwanza limeoza likawa jeupe, linachanika nyuzinyuzi. La pili limekuwa la kahawia, lina nyufa za pembe nne na linasagika mkononi. Ni ugonjwa mmoja au miwili? — Msomaji, Kadutu

Ni miwili. Mti umejengwa kwa vitu vitatu vikubwa: selulosi na hemiselulosi, ambazo ni minyororo ya sukari, na lignini inayozishikanisha. Selulosi ni nyeupe, lignini ni ya kahawia, nayo huchukua takriban asilimia 20 hadi 30 ya uzito mkavu wa mti. Kuvu ya uozo mweupe huivunja lignini na kuimaliza, ndiyo maana gogo linapauka na kubaki nyuzi. Kuvu ya uozo wa kahawia hula sukari, ikaiacha lignini karibu yote mahali pake, imebadilika kidogo tu. Bila nyuzi za kuushikilia, mti hupasuka vipande. Hii ya pili hupenda zaidi jamii ya sipre na paini, ile ya kwanza miti ya majani mapana.

Kama unafikiria kuoteshea uyoga kwenye yale ya kahawia, usijisumbue. Chakula kimeshaliwa.

Vitabu vya wanafunzi wangu vinataja vimeng'enya vitatu vya kuvunja lignini: lakase, mangani peroksidase na lignini peroksidase. Pengine nimesoma kwamba uyoga wa pleroti hauna hicho cha mwisho. Basi unakulaje mti? Na inakuwaje vimeng'enya hivi vinahitaji peroksidi ya hidrojeni, dawa inayoua kuvu? — Mwalimu wa biolojia, Ibanda

Mwalimu, ulichosoma ni sahihi, na kosa liko kwenye jedwali la vitabu linalofanya kuvu zote zionekane zina vifaa vilevile.

Tuanze na lignini yenyewe. Wanga ni mnyororo wenye kiungo kimoja kinachojirudia, kwa hiyo amilase ya mate inakishika kiungo hicho na kukikata kwa msaada wa maji, kisha inahamia kinachofuata. Lignini haina mpangilio huo. Vipande vyake vimeungana ovyo, vingine kwa oksijeni, vingine kaboni kwa kaboni, kila upande. Hakuna kimeng'enya kinachoweza kuwa na umbo la kuingia kwenye kila kiungo. Kuvu ikapata njia nyingine: inainyang'anya lignini elektroni moja. Kipande kilichopoteza elektroni hakitulii, kinavunjika chenyewe, na kinavunjika popote. Kazi ni ya fujo, lakini inafaa kwa kitu kilichojengwa kwa fujo.

Lakase ina atomi nne za shaba. Inachukua elektroni nne, moja moja, inazipa molekuli moja ya oksijeni, na oksijeni inageuka maji. Haihitaji peroksidi, inahitaji hewa tu. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1883 na Yoshida wa Japani, tena katika utomvu wa mti unaotoa vanishi, si katika kuvu. Udhaifu wake ni kwamba peke yake inashika sehemu za lignini zenye fenoli huru (pete ya kaboni yenye kundi la OH lililo wazi), ambazo ni chache. Kwenda mbali zaidi inahitaji molekuli ndogo za kubeba elektroni kati yake na mti.

Mangani peroksidase ina chuma katikati, ndani ya hemu (kishikio cha chuma kama kile cha damu), na inatumia peroksidi. Haiugusi mti moja kwa moja: inaigeuza mangani ya chaji mbili kuwa ya chaji tatu, na mangani hiyo hushikwa na oksalati inayotolewa na kuvu yenyewe. Hapo ndipo penye ujanja. Kimeng'enya ni kikubwa mno kuingia ndani ya ukuta wa seli ya mti ambao bado ni mzima, lakini mangani pamoja na oksalati yake ni kidogo, kinapenya.

Lignini peroksidase ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inashambulia hata zile sehemu zisizo na fenoli huru. Ilitangazwa mwaka 1983 na vikundi viwili vya watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza kuvu inayoitwa Phanerochaete chrysosporium. Mangani peroksidase ikafuata mwaka 1984. Sasa angalia: Phanerochaete ina peroksidase hizi mbili lakini haina lakase halisi. Pleroti, yaani Pleurotus ostreatus, ina lakase na mangani peroksidase, na mahali pa lignini peroksidase ina peroksidase ya kazi mbili, inayoweza kushughulikia mangani na pia kushambulia sehemu zisizo na fenoli huru. Wafundishe wanafunzi kwamba kila kuvu ina mkoba wake.

Peroksidi ni ileile ya kusafishia vidonda inayouzwa farmasi, ila kuvu inaitengeneza yenyewe, kidogokidogo, nje ya nyuzi zake, kwa vimeng'enya vingine vinavyoitwa oksidase. Ikizidi, hata peroksidase inaharibika. Kwa hiyo wale wanaomimina dawa ya farmasi ndani ya mfuko ili “kuongeza nguvu” wanaweza kuua kile wanachotaka kukisaidia.

Jambo la mwisho, ambalo vitabu hulipita haraka: kuvu haishibi lignini. Nishati yake inatoka kwenye sukari. Inaivunja lignini ili ifike kwenye selulosi, na bila sukari pembeni kazi ya lignini inasimama.

Ninaotesha pleroti kwa mabua ya maharage na majani makavu ya mgomba. Nilishauriwa nichanganye dreshi (makapi ya nafaka) ya kiwanda cha bia ili mavuno yapande: ndoo moja ya lita 20, mbichi, kwa kila gunia la mabua. Niliyachemsha yote kwa saa moja. Baada ya siku tano mifuko ilipata moto, ikanuka, ikawa kijani. Mbegu ilikuwa mbovu? — Mkulima, Kabare

Mbegu huenda haina kosa lolote. Hesabu ndiyo ilikukosea. Ndoo ya lita 20 ya dreshi mbichi ina uzito wa karibu kilo 18, na robo hivi ndiyo ukavu, kilo 4 na zaidi. Gunia la mabua makavu lina kilo 10 au 12. Umeweka karibu theluthi moja ya chakula laini chenye protini nyingi. Pleroti inajua kula kigumu. Hapo ndipo inapowashinda wengine. Ukiiwekea laini, anayeshinda ni Trikoderma, ile kuvu ya kijani, inayokua haraka kuliko pleroti na isiyohitaji kuvunja lignini yoyote. Bakteria nao wanapandisha joto. Ndani ya mfuko likipita nyuzi 35, pleroti inadhoofika. Likipita 40, inakufa.

Kuchemsha saa moja hakuui mbegu za kuvu na bakteria zote. Kunapunguza tu, na kwa mabua matupu inatosha kwa sababu wachache waliobaki hawana cha kula haraka. Tena Bukavu na Kabare tuko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Anayetaka kutumia dreshi au pumba lazima apike mifuko kwa mvuke ndani ya pipa, saa nane hadi kumi tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu, na asizidishe asilimia 5 ya uzito mkavu. Ukipiga hesabu ya makala (mkaa) yatakayoungua, mara nyingi faida inaishia jikoni. Sisi tungekuambia uiachie ng'ombe dreshi.

Mchanganyiko unaofaa kwako: kilo 8 za mabua ya maharage na majani ya mgomba, yote makavu kabisa, yamekatwa sentimita 3 hadi 5, pamoja na kilo 2 za maganda makavu ya kahawa. Maganda yana fenoli zinazoichochea pleroti itoe lakase nyingi, lakini yana kafeini pia, kwa hiyo usiyafanye kuwa sehemu kubwa. Kama makala ni ghali, acha moto kabisa, tumia chokaa: gramu 400 za chokaa iliyozimwa kwa lita 200 za maji. Maji yenyewe hayawezi kuyeyusha zaidi ya gramu 1.7 hivi kwa lita. Inayobaki chini ni akiba. Zamisha mabua kwa jiwe zito, saa 16 hadi 18, kisha yatundike yachuruzike usiku mzima. Vaa glovu na ulinde macho, chokaa inachoma. Inayoua wadudu ni ukali wa pH, juu ya 12, na ndiyo sababu chokaa ya zamani iliyokaa wazi haifanyi kazi: imeshavuta hewa ya kaboni (dioksidi ya kaboni) ikageuka kuwa unga wa chokaa wa kawaida.

Kilo 10 kavu zikishanywa maji vizuri hufika kilo 28 hivi. Kamua kwa ngumi: yakitoka matone mawili matatu, ni sawa, yakitiririka, subiri. Maji yakijaa hewa inakosekana, na bila hewa lakase haina wa kumkabidhi elektroni. Mbegu weka kilo 1 na gramu 400, yaani asilimia 5. Gawanya kwenye sashe za kilo 3, shindilia, toboa matundu kila upande. Kwa baridi ya kwenu tegemea wiki tatu hadi nne mpaka mfuko uwe mweupe wote. Mavuno ya kawaida, kwa michumo mitatu, ni kilo 5 hadi 10 za uyoga mbichi kutoka kilo 10 hizo za mabua makavu. Anayekuahidi 20, mkatalie.

Mifuko yangu inakuwa meupe vizuri, lakini uyoga unatoka na shina refu jembamba na kofia ndogo kama kifungo cha shati. Chumba kiko bondeni karibu na ziwa, nimekifunga vizuri ili baridi isiingie. — Mama mkulima, Goma

Mama, uyoga wako unatafuta hewa. Wakati wa kutanda nyuzi ndani ya mfuko, pleroti inavumilia hewa nzito ya kaboni kwa wingi. Wakati wa kutoa uyoga haivumilii: ikizidi asilimia 0.1, shina linarefuka na kofia inagoma kufunguka. Mifuko yenyewe inapumua, tena sana, kwa sababu sehemu kubwa ya mti unaovunjwa inaishia kuwa hewa hiyo. Fungua nafasi chini ya ukuta na nyingine juu, upande wa pili, zizibwe kwa wavu wa inzi. Kisha nyunyiza maji sakafuni na ukutani mara mbili tatu kwa siku, kwa sababu upepo utakausha.

Lakini neno “bondeni karibu na ziwa” limetushtua kuliko uyoga. Kati ya Goma na Sake kuna mazuku, ile hewa ya volkano inayotoka ardhini na kutulia kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Ni hewa ileile ya kaboni, nzito kuliko ya kawaida, nayo inaua mbuzi na watu. Kama majirani wanajua kuna mazuku hapo, matundu ya chini yataikaribisha ndani badala ya kuitoa. Usijaribu kupima kwa mshumaa: hewa hii inaanza kumdhuru mtu kabla moto haujazimika. Hamishia mifuko mahali pa juu. Hili halina njia ya mkato.

Ninataka kuonyesha kwa macho kwamba kuvu inatoa lakase, kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo. Spektrofotometa (mashine ya kupima ukolezi wa rangi) ipo, lakini foleni ni ndefu. — Mwanafunzi wa kemia, Bukavu

Anza na sahani, nenda kwenye mashine ukiwa tayari unajua sampuli gani inastahili.

Chemsha gramu 200 za viazi vilivyokatwa kwa dakika 20, chuja, ongeza gramu 20 za glukosi na gramu 15 za agari, jaza maji mpaka lita moja. Weka gwayakoli (fenoli inayogeuka rangi ikioksidishwa) mililita 0.2, ukivaa glovu. Pika kwa presha dakika 20, mimina, acha igande. Kata kipande cha milimita 5 kutoka ukingoni mwa kuvu inayokua, kiweke kikiangalia chini, hifadhi gizani kwenye nyuzi 25. Kati ya siku ya tatu na ya saba duara la wekundu wa kahawia litajitokeza, mara nyingi likitangulia nyuzi zenyewe. Huo ndio ushahidi kwamba kazi inafanyika nje ya mwili wa kuvu. Weka pia sahani yenye gwayakoli isiyo na kuvu, na nyingine yenye kuvu isiyo na gwayakoli, la sivyo mwalimu wako atakuuliza na hutakuwa na jibu.

Njia ya zamani ni ya mtafiti Bavendamm, ya mwaka 1928, kwa asidi ya galiki au ya taniki, gramu 5 kwa lita. Tatizo lake la kawaida: asidi ikipikwa pamoja na agari, agari inakatika na haigandi. Iongeze baada ya kupika, ikiwa imepoa hadi nyuzi 60 hivi.

Kwenye ripoti usiandike “lakase” kwa sababu ya duara peke yake. Duara linasema kuna kitu kinachooksidisha fenoli; peroksidase na tirosinase zinaweza kulitoa pia.

Kwa kipimo chenyewe, chukua gramu 20 kutoka mfuko uliokwisha kuwa mweupe lakini haujatoa uyoga. Lakase hupanda wakati wa kutanda na kushuka uyoga unapoanza kutoka, na wengi hupima mfuko uliochoka wakashangaa hakuna kitu. Loweka katika mililita 100 za bafa ya asetati (maji yanayoshikilia pH isibadilike), pH 5, saa moja kwenye baridi, ukitikisa. Chuja kwa kitambaa, zungusha kwenye sentrifuji. Ndani ya kuveti (kikombe kidogo cha mashine) ya mililita 1 weka mililita 0.1 ya maji hayo, na ABTS, kemikali inayogeuka rangi ikioksidishwa na lakase, ifikie milimola 0.5 kwa lita. Soma nanomita 420 kila sekunde 10 kwa dakika moja.

Tuseme kipimo kinapanda 0.36 kwa dakika. Gawanya kwa 36, kwa kuwa milimola 1 kwa lita ya ABTS iliyogeuka rangi hutoa kipimo cha 36; unapata mikromoli 0.01 kwa dakika ndani ya kuveti. Gawanya kwa 0.1 uliyoweka, inakuwa yuniti 0.1 kwa kila mililita, na kwa kuwa ulitumia mililita 5 kwa gramu, takriban yuniti 0.5 kwa gramu ya mabua mabichi. Rudia kwa maji yaliyochemshwa dakika 10: lazima yasipande. Usiongeze peroksidi, ukiiongeza unapima peroksidase pia. Kama hutaki peroksidi iliyomo tayari ikudanganye, weka katalase, kimeng'enya kinachovunja peroksidi, kwanza. Na usipunguze sampuli kwa maji yenye chumvi, kwa sababu kloridi huizuia lakase.

Tunatia rangi batiki, tunatumia rangi za maji baridi pamoja na soda na chumvi. Tumesikia mifuko ya uyoga iliyokwisha kuvunwa inasafisha maji ya rangi. Ni kweli? — Kikundi cha akina mama, Bukavu

Kwa sehemu. Lakase inazipausha rangi nyingi, hasa bluu za jamii ya antrakwinoni. Nyekundu, machungwa na nyeusi nyingi ni za jamii ya azo (zenye kiungo cha nitrojeni mbili), nazo ni kaidi. Maji yenu yana vikwazo viwili: soda inapandisha pH hadi 10 au 11, wakati lakase inataka 4 hadi 5; na chumvi inaizuia. Mkimwaga mabua moja kwa moja kwenye ndoo hamtaona kitu.

Zimueni kwanza, lita 1 ya maji ya rangi kwa lita 4 za maji safi. Ongezeni siki kidogokidogo, mkipima kwa karatasi za pH, mpaka 5. Yatatoa povu kwa sababu ya soda, kwa hiyo ndoo isijae. Wekeni kilo 1 ya mabua ya mfuko mweupe, usio na kijani, kwa lita 10, ndani ya gunia jepesi. Koroga mara kwa mara, hewa ni ya lazima. Angalieni baada ya siku moja na mbili.

Pembeni yake wekeni ndoo ya pili yenye mabua yaliyochemshwa nusu saa. Ikipauka sawasawa na ya kwanza, na mabua yametoka yamejaa rangi, basi hakuna kilichovunjwa: rangi imehama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye mabua. Hata yakiwa meupe, maji hayo si ya kunywa wala ya kunywesha mifugo, kwa maana vipande vya rangi za azo vinaweza kuwa na sumu kuliko rangi nzima. Yamwageni mbali na ziwa, mbali na bustani ya mboga.

Mabua yaliyobaki baada ya kuvuna, mbuzi wanaweza kula? — Msomaji, Kabare

Wanaweza, yakiwa meupe na yananukia uyoga. Lignini imepungua, tumbo la mbuzi linafikia selulosi kwa urahisi zaidi. Ila pleroti nayo imeshakula sukari yake, kwa hiyo kadiri mnavyovuna michumo mingi ndivyo chakula kinavyopungua. Anzeni kidogo, mchanganye na majani mabichi. Yenye kijani, nyeusi au harufu ya kuoza, yapelekeni kwenye mbolea.

Nikiotesha pleroti chumba cha nyuma, haitahamia kwenye mbao za paa? — Msomaji, Bagira

Mbao zenye unyevu chini ya asilimia 20 kwa kawaida haziozeshwi na kuvu. Paa lisilovuja liko salama. Linalovuja litaoza hata usipootesha uyoga, kwa sababu mbegu za kuvu ziko hewani kila siku. Unachopaswa kuogopa zaidi ni vumbi la mbegu za pleroti zenyewe: vuna kabla kingo za kofia hazijageukia juu, na usilale chumba hicho, maana wengine linawaletea kikohozi na homa.